Aliniuzia Pedali ya Gitaa, Kisha Akaniita Mchawi

Admin, jina langu lifiche. La huyo mwanaume pia lifiche ingawa hastahili. Hapa nitamwita Kioko. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na minane, niko na mke na watoto wawili, na kazi yangu ni kutengeneza redio na televisheni hapa Machakos mjini. Nimesoma visa vya wenzangu kwenye ukurasa huu na kuwaonea huruma. Mimi sitaki huruma. Nataka kulipiza.

Miaka ya tisini nilikuwa nikipiga gitaa la solo kanisani kwetu Mitaboni. Kioko alipiga gitaa la pili, kando yangu. Siku moja akaniambia binamu yake wa Nairobi amempa pedali, kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachofanya gitaa la umeme lingurume. Dukani ilikuwa kama mshahara wangu wa miezi miwili. Kioko aliniuzia kwa bei ya jogoo wawili. "Chukua tu, ndugu yangu," akasema, "wewe ndiyo unajua kupiga. Mimi nitaifanyia nini?" Ilikuwa ya plastiki, nyepesi kama kopo la mafuta ya kujipaka. Nilishukuru mpaka nikamwombea baraka. Mjinga mimi!

Jumapili hiyo nilipiga gitaa watu wakacheza mpaka vumbi likapanda. Kisha mchungaji akasema tuombe kimyakimya. Niliachia nyuzi lakini pedali sikuizima. Kanisa lilikuwa kimya kabisa, na katika ule ukimya spika yangu ikaanza kuongea. Sauti ya mwanaume, imekwaruza kama inatoka chini ya mchanga: "...tunasikitika kutangaza kifo cha... baba mpendwa wa..."

Leo ninajua ni nini. Pedali ile ilikuwa ya bei rahisi, haina chuma cha kuzuia mawimbi, kwa hivyo nyaya zake zilikuwa zikishika redio, na saa hiyo redioni walikuwa wakisoma matangazo ya vifo. Lakini siku hiyo nani angejua? Wa kwanza kuruka alikuwa Kioko. "Kamuti! Huyu ameleta kamuti kanisani!" Kwa msiojua, kamuti ni uchawi wa kwetu, na hilo neno likishakushika Ukambani, hata uoge na sabuni ya magadi halitoki. Watu waliangusha mabenchi wakikimbilia mlango.

Mzee wa kanisa akaniuliza, "Kijana, hii kitu umetoa wapi?"

"Ni ya gitaa, mzee. Kioko ndiye aliniuzia."

Kioko akanitazama usoni, macho makavu. "Mimi? Hiyo kitu mimi sijawahi iona."

Waliichoma nyuma ya kanisa pamoja na gitaa langu. Mimi nikafukuzwa. Mama yangu alikuwa akiuza mboga sokoni. Wateja wakahamia meza za wengine, mboga zake zikawa zinanyauka akiziangalia. Kila asubuhi aliniuliza, "Mwanangu, ni kweli hukuenda kwa mganga?" Niliapa mpaka nikachoka kuapa. Nikahamia mjini, nikajifunza ufundi kwa sababu ya hasira tu, nipate kuelewa kilichoniharibia maisha. Nilipoelewa, nilikimbia nyumbani na redio iliyofunguliwa nikamwonyesha mama waya kwa waya. Alisikiliza, akasema, "Sawa," vile mtu humjibu mlevi.

Mama alifariki mwaka jana. Nilimzika nikijua amekufa akiamini mwanawe ni mchawi, na hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

Sasa sikilizeni. Wiki iliyopita Kioko aliingia dukani kwangu, kanenepa, amevaa suti. Anawekewa mikono Jumapili ijayo awe mzee wa kanisa, kanisa lile lile. Na kwetu, kabla ya kumwapisha mtu, mchungaji huuliza kama kuna mwenye neno juu yake.

"Ile maneno ya kitambo tuiwache hapo, ndugu yangu," akaniambia. "Ni ukweli, nilijua hiyo pedali inashika redio. Kwangu ilikuwa inaongea kila mchana. Nilitaka tu watu wakucheke, uache solo, nipige mimi. Wazee walipokuja juu nikaogopa."

Nikamwambia atoke kabla sijamrukia. Akafika mlangoni, akageuka. "Lakini mama yako alinisamehe. Nilimwambia yote. Tuliomba pamoja. Akasema nisikuambie, utaniua."

Nikamuuliza, lini? Akasema ni miaka mitatu kabla mama hajafa.

Miaka mitatu! Nilikuwa nikimpelekea unga na sukari kila mwezi, tunakula meza moja, na anajua sina hatia. Hakuwahi kuniambia hata pole. Hakumwambia jirani hata mmoja. Alimlinda Kioko nisimguse, na mimi akaniacha na jina langu la uchawi. Nimelia kuliko nilivyolia siku ya kumzika, na sijui nilikuwa nikimlilia au nikimgombeza.

Nimeshampata yule binamu wa Nairobi. Anakumbuka pedali vizuri na amekubali kuja kushuhudia. Nimenunua shati jeupe. Mke wangu ananiomba niachane na hayo, ati watoto wetu wanasoma na wa Kioko. Mimi usiku na mchana naona tu uso wake pale mbele, mke wake na watoto wake wakisikia.

Kwa hivyo ndugu na dada, msinihubirie msamaha. Mama alishamsamehe bila kuniuliza, na mnaona umenifikisha wapi. Kusimama nitasimama. Nishaurini hili moja tu: nikishasema ya Kioko, niseme pia kwamba mama alijua?