Mabakuli Manne ya Mchuzi wa Wifi

Nilimla kuku wa mwisho wa marehemu mama mkwe wangu, nikalamba vidole, nikaomba niongezewe mchuzi.

Sikuwa na njaa. Nilikuwa naogopa kuinua uso.

Tulieni, wajukuu zangu wa mtandaoni. Bibi yenu anaandika kwa kidole kimoja na simu yenyewe ina ufa. Nitasema yote, hata pale ninapotia aibu.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anakaa nyuma ya ukuta wangu. Tumezeeka pamoja. Tunagombana kwa ajili ya chumvi na tunapatana kwa chumvi hiyohiyo. Sote wawili tunafuga kuku wa asili, wale warefu, shingo kama bomba. Jogoo wao akisimama mlangoni unaweza kumwamkia ukidhani ni mgeni.

Wake aliachiwa na mama yake. Mama mkwe alipokuwa anakata roho hakutaja shamba wala nyumba. Alimshika binti yake mkono, akamwambia kuku hao wasiishie mikononi mwake. Basi.

Wana alama yao: unyoya mmoja mweupe kwenye bega la kulia. Usipouona, huyo si wa mama.

Wangu nilitoka nao kwetu. Hawana unyoya, hata wakipandwa na jogoo wake, maana alama hiyo hufuata tetea.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Kila baada ya miaka miwili tunabadilishana jogoo wa mbegu: wangu anakwenda kwake, wake anakuja kwangu, ili kuku wasizae na ndugu zao. Anayetoa ndiye anayechagua, na lazima atoe aliye bora. Hakuna karatasi. Ni kuaminiana tu.

Sasa sikilizeni uchafu wangu.

Mwaka juzi tetea mmoja wa wifi aliruka ukuta, akawa anataga nyuma ya kuni zangu. Mayai saba. Mtu mwenye haya angemwita mwenyewe aje achukue. Mimi niliyachukua nikamwekea kuku wangu aliyekuwa anaatamia, nikanyamaza kama maji ya mtungini.

Wakaanguliwa wanne: jogoo mmoja, matetea watatu. Wazuri hao, we acha. Vifua vipana, miguu minene, macho makali kama ya mwalimu wangu wa darasa la pili.

Unyoya mweupe nao ukaota, kila mmoja begani pake. Ukichomoza, nang'oa. Ukichomoza, nang'oa. Wifi anavaa miwani iliyofungwa uzi, nikasema moyoni, huyu haoni kitu.

Zamu ya kubadilishana ikafika, na safari hii wifi hakuwa na jogoo wa kunipa. Jogoo wangu bora nilimwita Bwana Mkubwa, na nilimpenda kuliko nilivyompenda kaka yake wifi, Mungu anisamehe. Karibu kilo tano, na upanga wake mnene umekaa kichwani kama kofia ya mkuu wa polisi.

Kumtoa sikuweza.

Nikampa yule wa mayai ya wizi. Nikamng'oa unyoya asubuhi hiyohiyo, nikamkabidhi huku nikimsifia.

Yaani nilimrudishia wifi kuku wake mwenyewe. Na wifi alikuwa na matetea wanne tu, wote wa tumbo moja. Kwa hiyo jogoo yule akampanda mama yake mzazi na mama zake wadogo.

Mayai kumi na mawili, vifaranga watatu. Mmoja hana jicho, mmoja miguu imepinda, wa tatu alikufa kabla ya jioni.

Wifi akaja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda changu. Akasema damu ya kuku wa mama imechoka. Akasema labda kosa ni lake, amewatunza vibaya, na hawezi kuendelea kuzalisha vilema. Atawachinja mmoja mmoja yaishe.

Nilikuwa namenya viazi. Nikaendelea kumenya.

Jumapili ya kwanza akaniletea bakuli la mchuzi. Nyama laini, nikaimaliza. Nikamwambia pilipili haikutosha. Hilo ndilo neno lililotoka kinywani mwangu.

Jumapili ya pili, bakuli. Ya tatu, bakuli.

Nikaanza kumkimbia. Nikimsikia anakohoa uani, naingia chooni. Siku moja nilikaa humo mpaka miguu ikafa ganzi, bibi mzima na mvi zangu.

Jumapili ya nne akaniita kwake. Nilipita kando ya banda. Mlango wazi, hamna hata kinyesi kibichi. Akaweka bakuli mezani, akakaa mbele yangu.

"Kula, wifi. Huyo ndiye wa mwisho."

Ndipo nilipoomba mchuzi. Alipokuwa ananikombea wa mwisho, upawa ukawa unagonga sufuria, ngo, ngo, ngo. Nikashindwa.

"Wifi, jogoo niliyekupa ni wa kwako. Niliiba mayai. Kuku wa mama hawakuwa na kosa lolote."

Nikamwambia ninao matetea watatu wa damu ileile, awachukue, na Bwana Mkubwa juu yake. Na akitaka kunipiga mwiko, nitasimama nisubiri.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya gauni.

"Unyoya huota, wifi. Ulimng'oa, ukamleta kwangu. Siku vifaranga wanaanguliwa, ulikuwa umeshachomoza, mweupe pee. Ulitaka nani aung'oe, mimi?"

Wajukuu zangu, akili yangu ya darasa la nne haikuwa imefika huko.

Kumbe siku ile anakalia kigoda changu alikuwa anajua kila kitu. Kuku wa mama alikuwa amewahamishia kwa binti yake wa kumzaa, wote wanne, wazima, wanataga, na jogoo amefungiwa kando. Mimi Jumapili nne nilikuwa nalia kimoyomoyo juu ya kuku wa sokoni.

Nikacheka. Nilidhani tumeshamalizana. Nikamuuliza mbona hakuniambia mapema.

"Nilitaka useme mwenyewe," akajibu. "Nilijua utasema bakuli la kwanza."

Hakucheka. Akaanza kuondoa vyombo.

Bwana Mkubwa sasa anawika ng'ambo ya ukuta. Matetea nao walikwenda. Nilichorudishiwa ni yule jogoo wa unyoya mweupe, na kila asubuhi anakuja dirishani kwangu kujionyesha bega.

Na wifi tunaongea, tunataniana, chumvi tunaombana. Lakini mchuzi hajaniletea tena, na sijathubutu kuuliza.

Ninyi mnaofuga, mkipewa jogoo wa mbegu msiishie kwenye upanga na kifua. Inua bawa utazame kama bega lina upara, halafu umtazame usoni aliyekuletea.

Na wewe ambaye umeshang'oa, nenda ukaseme leo, bakuli la kwanza likiwa bado la moto.