Mshokishoki wa Mama Uliokataa Mizizi

Mama alikuwa na mshokishoki mmoja uani kwake Bububu, na kwa mti huo alikuwa na kiburi. Kila aliyezionja shokishoki zake, matunda mekundu yenye manyoya, alirudi kuomba kokwa akapande. Mama akimpa huku akicheka, maana alijua kokwa ile huenda ikatoa mti dume, ukakaa miaka ukipendeza bila kuzaa. Ukitaka mti ule ule, sharti uoteshe kipande cha mwili wake. Hiyo ndiyo kazi yangu: maabarani kwetu tunaotesha miti ndani ya chupa.

Mti ulipoanza kuoza kiini, na mama figo zilipoanza kumchosha, aliniita.

"Mwanangu, mimi nshachoka. Lakini n'taka nimuone mwana wa mti wangu kasimama kwa mizizi yake kabla sijaondoka."

Nikakata ncha za matawi, nikazisafisha, nikazisimamisha kwenye chakula chao cha jeli. Majani yakatoka mazuri, ya kumtia mtu ujinga. Mizizi hakuna. Nikaongeza dawa ya mizizi. Vitako vya vijiti vikavimba, vikawa vyeusi. Nikapunguza dawa, nikapunguza sukari, nikatia unga wa mkaa, nikaviweka gizani. Hakuna. Mama akinipigia simu, "Vipi, washaota miguu?" nami nikimjibu bado, mpaka neno hilo nikalichukia.

Matawi ya mti mzee ni makaidi kutoa mizizi. Ujana wa mti hubaki chini, karibu na shina. Ilibidi ukatwe, uchipue upya, tuchukue machipukizi. Nilimweleza mama nikidhani atalia.

"Kateni," alisema. "Mimi na yeye sote tuna wakati wetu."

Kikabaki kisiki chini ya goti. Kikachipua vijiti vyekundu, vyororo, nami nikawa nakwenda kila Ijumaa kuvitazama, nikisubiri vikomae kidogo. Mara hii nilikuwa na hakika. Mama naye alikuwa akitolewa kiti asubuhi akae karibu navyo. Kabla havijafika kimo cha kukatwa, mama akafariki.

Siku za matanga sisi wanawake tulikuwa ndani. Uani walikuwa wanaume wa mtaani wakipika pilau la hitima. Hakuna aliyejua habari ya kisiki, na nani angewaambia, ilhali mimi nimejiinamia nalia? Sufuria la hitima ni zito, na mawe yaliyopatikana yalikuwa mawili. Wakakifanya kisiki figa la tatu, moto wakaukoka katikati.

Nilipotoka kunawa uso, gome lilikuwa limeungua hadi ardhini, machipukizi yote majivu. Kisiki kile hakikuchipua tena. Nilisimama pale nikahisi nimefiwa mara ya pili siku zile zile, na hii ya pili sina wa kumwambia.

Mpishi, jirani aliyemheshimu mama miaka yote, mwenye macho mekundu kwa moshi na kwa kilio, alinijia na sahani.

"Kula, mwanangu, hujatia kitu mdomoni. Mama yako, Mungu amrehemu, hata figa katuwekea."

"Amin," nikaitikia. Nikapokea sahani, nikala mpaka nikaimaliza, kwa sababu alikuwa amesimama ananitazama.