Santuri za Walimu wa Kicheki

Kaka yangu alirudi kutoka Chekoslovakia na koti zito la sufu, shahada ya ufundi wa mitambo, na santuri mbili. Koti lilitundikwa ukutani nyumbani kwetu Gesima mpaka nondo wakalimaliza. Shahada haikumpa kazi. Miaka ile, kijana aliyesomea upande ule wa dunia, kwa wakomunisti, alitazamwa kama mtu aliyerudi na ugonjwa wa kuambukiza. Kila ofisi aliyoingia, Kisumu hadi Nairobi, waliisoma ile karatasi, wakaikunja polepole, wakamwambia arudi wiki ijayo. Baada ya mwaka mzima alichoka kurudi. Akashika jembe, akapanda chai.

Santuri alinipa mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa kwaya shuleni na mume wangu alikuwa ameninunulia gramafoni ya betri tulipooana. Tulikaa Kiogoro. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini Kisii, na kila asubuhi aliteremka kwa baiskeli akiwa amevaa tai.

Sikutarajia kwamba zile santuri zingenishika. Moja ilikuwa na ufa. Nyingine ilikuwa na misa ya Krismasi: sauti za watu, violini chache, na filimbi iliyolia kama ya mchungaji aliye mbali na nyumbani. Nilimwuliza kaka yangu ni ya mtunzi gani mkubwa.

"Si mkubwa," alisema. "Huko kwao zamani, mwalimu wa shule ya kijijini ndiye aliyepiga kinanda kanisani. Mchana anafundisha kusoma, jioni anatunga wimbo wa kuimbwa Jumapili na wakulima. Walikuwa wengi. Wengi wao hakuna anayewajua, hata kwao."

Maneno hayo sikuyasahau. Mimi mwenyewe nilifundisha hesabu asubuhi, na alasiri nikatunga nyimbo za watoto ubaoni kwa chaki, zikafutwa kesho yake. Nilitaka kuwasikia walimu wenzangu wale. Kaka yangu alinionya kwamba santuri zao zilitolewa chache, mara moja tu, na hata Praha kwenyewe, mji mkuu wao, mtu angezitafuta asizipate. Hata hivyo nilinakili anwani iliyokuwa nyuma ya jalada, nikaandika barua kwa Kiingereza.

Miezi minne ilipita ndipo nikajibiwa na mzee mmoja aliyekuwa mtunza santuri katika maktaba ya muziki. Kiingereza chake kilikuwa cha kamusi, kama changu. Aliniandikia orodha ya majina kumi na moja, na kando ya kila jina akaeleza kama santuri yake ilikuwa bado inapatikana au la. Kando ya majina matano aliandika neno moja tu: haipo. Baadaye akanitumia mbili, bila kutaka malipo. Mimi nikaenda Tabaka kwa wachonga mawe, nikachagua ndege wa jiwe la sabuni, nikamfunga kwa majani makavu ya mgomba na kumpeleka posta. Nikapokea santuri nyingine moja. Hivyo tukaendelea, ndege kwa santuri, kinyonga kwa santuri.

Halafu jioni moja mume wangu akazima redio na kusema kwamba vifaru vya kigeni vimeingia Praha. Alinitazama kana kwamba nilikuwa nimeviita mimi.

"Acha hizo barua, mama watoto," alisema. "Mimi nala kwa serikali."

Nilisema nitaacha, na nilikuwa na nia ya kuacha. Lakini nilikuwa nimeshamwahidi mzee yule kiboko wa jiwe jeupe, kwa kuwa alikuwa amepata santuri ya misa ya maziko iliyokuwa kwenye orodha ya zile zisizopatikana. Nilimpeleka kiboko posta bila kumwambia mume wangu. Karani wa posta aliisoma anwani mara mbili, akaniuliza nafundisha shule gani, akaandika. 

Sasa ulikuwa mwaka wa sitini na tisa. Hali ya nchi ilikuwa mbaya, wapinzani wa serikali walikuwa wakikamatwa, na upande wetu wa Nyanza watu walizungumza wakiangalia nyuma. Wiki mbili baadaye mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Kuna watu wawili walikuja kuuliza habari za barua zako," alisema. "Sikuwaambia kitu, maana sijui kitu. Naomba usinijulishe."

Kuanzia siku hiyo nilisikia kila gari. Barabara ya Kiogoro haikuwa na magari mengi, kwa hiyo kila moja lilinipita moyoni. Nikiwa darasani chaki ilinivunjikia mkononi. Nikiwa shambani nilinyanyuka kila mbwa wa jirani alipobweka. Mume wangu aliona kwamba sili, akadhani nina mimba. Sikumsahihisha. Hilo ndilo ninalolionea aibu zaidi kuliko yote.

Walikuja Jumapili asubuhi. Sisi Wasabato, ambao hupumzika Jumamosi, tulikuwa kazini, mimi nikifua, mume wangu akikata majani ya ng'ombe. Land Rover ilisimama penye ua wetu, akashuka mtu mmoja aliyevaa suti ya kahawia, mwenye sauti ya upole. Dereva alibaki garini. Yule mtu alitusalimia kwa Kiswahili safi, si cha kwetu, akajitambulisha kuwa ni wa upelelezi, akaomba kuingia. Mkononi alikuwa na kifurushi. Nilikitambua kwa kamba yake. Kiboko wangu hakuwa amefika popote.

Aliketi, akafungua kifurushi, akamweka kiboko juu ya meza yetu.

"Mwalimu, humu ndani mna nini?"

"Ni jiwe tu, mzee."

"Una hakika?"

"Nilimwona fundi akimchonga."

Akamgeukia mume wangu. "Bwana karani, una nyundo?"

Mume wangu alikwenda kuitafuta. Aliporudi, yule mtu hakuipokea. "Mvunje wewe," alimwambia.

Mume wangu aliinua nyundo. Pigo la kwanza lilikata sikio. La pili lilimpasua kiboko katikati. Jiwe la sabuni ni laini, halina ukaidi. Vumbi jeupe lilitanda mezani na kwenye suruali ya mgeni. Hakukuwa na kitu. Yule mtu akaokota vipande kimoja kimoja, akavitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Sasa nataka kusikia hizo santuri," alisema.

Niliweka mojawapo ya zile alizonitumia mzee wa Praha, ya violini bila waimbaji, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu. Sindano iliruka mara mbili kabla sijaweza kuituliza mkononi mwangu. Alisikiliza akiwa na kalamu na daftari.

"Anasema nini?"

"Hasemi, mzee. Ni vyombo vya muziki tu."

"Muziki usio na maneno." Alifikiri. "Basi yanayosemwa yamefichwa wapi?"

Nilimweleza kwamba mtunzi alikuwa mwalimu wa kijiji, kwamba alikufa miaka mingi kabla ya babu zetu kuzaliwa, kabla ya ukomunisti kuwa na jina. Maneno yalinitoka haraka haraka na kwa sauti nyembamba niliyoichukia. Aliniambia nirudie santuri. Nikairudia. Mara ya tatu niliona kwamba ameacha kuandika, ameinamisha kichwa kidogo. Sikujua kama anausikiliza muziki au ananisikiliza mimi ninavyohema.

Aliondoka na barua zote pamoja na ile orodha. Santuri aliziacha. Mlangoni alimpa mume wangu mkono na kumwambia, "Una kazi nzuri, bwana. Itunze."

Mume wangu alifagia vumbi la kiboko yeye mwenyewe. Alipomaliza aliuliza, "Uliahidi kuacha. Ulipeleka lini hiki kifurushi?"

Nikamwambia. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alitoka, akarudi kukata majani, akakata mengi kuliko ng'ombe wetu walivyoweza kula. Kwa wiki kadhaa hakuzungumza nami ila juu ya watoto, na kila siku aliporudi kutoka kazini nilimtazama usoni kwanza, kujua kama wameshamfukuza. Hawakumfukuza. Walimnyima cheo alichokuwa amekingojea, akapewa mtu mwingine, na sababu haikutajwa.

Santuri nilizipeleka Gesima kwa kaka yangu. Alizifunga kwenye gunia la mbolea na kuziweka darini. "Mimi nimeshaharibikiwa," alisema. "Hazitanizidishia."

Barua ya mwisho kutoka Praha ilifika miezi mingi baadaye. Bahasha ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa tena, na utepe wa kubandikia ulikuwa wa aina mbili, kwa hiyo nilijua imefunguliwa kwao na kwetu pia. Mzee aliandika mistari michache. Hayuko tena maktaba. Sasa anafanya kazi ya kuchochea moto wa makaa wa kupasha jengo joto. Wamemwuliza mno juu ya mawe kutoka Afrika. Ananiomba, kwa heshima, nisimwandikie tena, kwa sababu ana wajukuu wanaosoma.

Wakati wote niliokuwa nikisikiliza magari barabarani, kumbe naye mzee alikuwa akisikiliza hatua za watu kwenye ngazi, na aliyemletea hofu hiyo nilikuwa mimi, na ndege wangu na kinyonga wangu. Sikumjibu. Hata asante sikumwandikia.

Miaka ya sabini, daktari mmoja wa misheni alipokwenda likizo kwao Ulaya, nilimpa majina mawili niliyoyakumbuka kutoka kwenye orodha. Aliniletea santuri moja, aliyoipata kwenye duka la vitu vikuukuu. Niliibeba kutoka hospitalini hadi Gesima chini ya kitambaa cha mkate, nami nikiloa jasho kwapani, ingawa hapakuwa tena na mtu wa kunitafuta.

Kutoka kwenye santuri hiyo nilichukua wimbo mmoja mfupi, nikautilia maneno ya Ekegusii, lugha yetu, nikaufundisha kwaya yangu. Tuliuimba Sabato moja ya mavuno. Baada ya ibada mzee wa kanisa alinishika mkono, akasema wimbo ni mzuri, ni wa nani.

"Ni wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi," nilisema.

"Wa shule gani?"

Lilikuwa swali lilelile la karani wa posta; nilijifanya nimeitwa na wanakwaya, nikaondoka upesi kuelekea walikokuwa.