Jogoo wa Koko

Jogoo wa jirani akiwika alfajiri, mpaka leo mkono wangu hutafuta mtoto wa kumshika. Cheka tu. Hata mimi nilicheka zamani, enzi za Wabelgiji, nilipokuwa mtoto pale Lweba nikilala mkeka mmoja na koko, mama yake baba.

Jogoo wetu hakuwika alfajiri. Mchana alizunguka ua kifua mbele akiwika apendavyo, lakini jioni koko alimfungia kwenye tenga la mianzi, fupi mno, kifuniko kikimgusa kichwa, ndege wa watu akalala shingo imeinama. Majogoo wa Lweba walipoanza kelele zao, hata kabla ya mwadhini, kwetu kimya. Wenzangu walinitania eti jogoo wetu bubu. Iliniuma, jamani!

Basi baba mdogo, aliyekuwa seremala huko Baraka, alipotutembelea akamwonea huruma yule jogoo. Akamjengea kibanda cha mbao, kirefu, chenye mlango wa bawaba. Koko alikitazama, akaingia ndani. Mimi nililala nikiingoja asubuhi kwa hamu.

Jogoo akawika. Ee Mungu wangu, aliwika! Sijamaliza kufurahi, nikajikuta mgongoni kwa koko. Bibi kizee aliyelalamikia magoti yake kila siku alikuwa anakimbia pekupeku, amevuka ua, ameingia kwenye mihogo, umande unatupiga usoni. Akanilaza chini, akanifunika kwa mwili wake. Niliusikia moyo wake ukidunda mgongoni mwangu.

"Koko, kuko nini?"

"Nyamaza, mutoto! Banakuya."

Hakuja mtu. Ilikuja harufu ya ndagala walioanikwa ufukweni, kisha sauti ya baba mdogo akituita. Alipotukuta alianza kucheka, halafu akaacha.

Koko alitusimulia akiwa amekaa palepale kwenye tope. Alipokuwa msichana mdogo, wakati wa vita vya Wajerumani na Wabelgiji, basoda, yaani askari, waliingia Lweba wakaifanya yao. Walilala kwenye nyumba za watu, wakala mbuzi wa watu, wakakamata wanaume kuwabebesha mizigo. Walikuwa wa upande gani, hakuwahi kujua. Familia yake ilijificha mlimani. Baba yake alikataa kumchinja jogoo wao, maana ndiye mali pekee waliyobaki nayo. Alfajiri moja jogoo akawika, na basoda wakaifuata sauti.

"Balikamata baba," alisema koko. "Balimubebesha sanduku. Hakurudia."

Mama yake hakumchinja jogoo hata baada ya hapo. Atamchinjaje, na ndiye aliyeachiwa na mumewe? Alimsukia tenga fupi, kwa kuwa jogoo asiyeweza kunyoosha shingo hatoi sauti. Walikaa naye mlimani hivyo mpaka basoda walipoondoka.

Baba mdogo alitusaidia kuinuka. Alirudi nyumbani, akachukua msumeno, akakipunguza kibanda chake kizuri mpaka kikawa kifupi kama tenga.

Kesho yake alfajiri koko alinishika mkono, akauingiza ndani, akauweka kifuani kwa jogoo. Kifua kilivimba, manyoya yakasimama, kitu kikapanda mpaka kooni, kikatetemeka, kikarudi. Sijawahi kugusa kitu cha ajabu kama kile.

"Unasikia?" alininong'oneza. "Iko anawika."

Kwa miaka mingi nilidhani koko aliogopa jogoo tu. Kisha nikawa na mvi, na vita vikatufikia sisi wenyewe. Tuliikimbia Baraka, nilikokuwa nikiishi siku hizo, tukajificha milimani. Mjane mmoja alikuja na jogoo wake, na wanaume walikuwa wameshatoa kisu, mama wa watu analia. Niliwaomba waningoje. Nikachukua kikapu, nikamfunika jogoo, nikakikandamiza kwa jiwe mpaka shingo yake ikainama. Hapo ndipo nilipomwelewa koko: alfajiri ile kwenye mihogo hakuwa anakimbia jogoo, alikuwa anamwokoa mtoto.

Kulipopambazuka tulisikia watu wenye bunduki wakipita bondeni. Hakuna aliyekohoa. Nilichukua mkono wa mjukuu wangu nikauingiza chini ya kikapu, naye akanikodolea macho.

"Unasikia?" nikamnong'oneza. "Iko anawika."