Nyota za Fundi Betri

Kwenye harusi ya mdogo wake, fundi betri alimpokonya mshereheshaji kipaza sauti akatangaza: "Nyinyi mnahangaika na dhahabu. Mimi kila siku nashika nyota kwa mkono." Watu wakadhani amekunywa. Alikuwa mkavu kabisa, ila asubuhi alisikiliza redio.

Redio ilisema lithiamu, ile iliyomo kwenye betri, sehemu kubwa ilipikwa na nyota. Nyota ndogo iliyokwisha kufa inakaa karibu na mwenzake, inamnyonya gesi taratibu, ikivimbiwa inalipuka juujuu, na lithiamu inarushwa angani. Yenyewe inabaki palepale, inaanza tena kunyonya, kama shemeji fulani tunayemjua wote. Tangu hapo hakuna mteja aliyeondoka bila mhadhara.

Kazi yenyewe haikuwa na mbingu yoyote. Alivunja betri za kompyuta zilizotupwa, akatoa vibetri vya ndani, vinene kama kidole gumba, akavichaji, kisha akavipapasa kimoja kimoja. Kinachopata moto ni kibovu. Kipimo alikuwa nacho, kimelala vumbini. Vidole, alisema, haviishiwi chaji.

Mama yake alivuta pumzi kwa msaada wa mashine, na umeme ulikatika upendavyo. Fundi akamuungia betri ya akiba kwa vibetri vile, akaipapasa, akaridhika, akaiweka kitandani karibu na miguu ya mama. Jioni umeme ukaenda. Mashine ikaendelea kunguruma. Fundi akakaa kwenye kigoda, kope zikimwelemea.

"Mwanangu," mama akasema, "hiyo nyota yako inaniunguza."

Akaishika. Hakusikia kitu. Akaishika kwa viganja viwili, akamtazama mama kama mtu anayesingiziwa. Mama akauvuta mkono wake kwenye mwanga wa simu, akaupindua. Ncha za vidole zilikuwa ngumu kama soli. Miaka yote ile chuma cha kuungia nyaya kilikuwa kikizichoma. Plastiki ya betri ilikwisha kulainika.

"Tangu lini husikii?"

"Sijui, mama."

Akaichomoa, mashine ikazimika, akaitupa nje mchangani. Mpaka umeme uliporudi alimpepea mama kwa kipande cha boksi, akimhesabia kila pumzi.

Kesho yake akaenda dukani kuulizia betri ya kiwandani ya ile mashine. Muuzaji, mmoja wa waliokula mihadhara, akataka kujua kama na hii imetoka mbinguni. Fundi akamwambia amechoka, amtajie bei tu.

Laki nne na nusu.