Mgongo kwa Jukwaa

Nilipangiwa mlango wa kushoto, ndani kabisa ya ukumbi wa opera, na masharti yalikuwa mawili: usikae, usigeuke. Mlinzi hutazama watu, hatazami jukwaa. Basi wiki mbili nzima pale Dubai nilimsikiliza mwanamke mmoja akiimba nyuma ya kisogo changu bila kujua hata ana sura gani.

Na masikio ninayo. Nimeimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu kule Kenya tangu nikiwa msichana. Nilijua anapovuta pumzi, nilijua anapojizuia. Lugha yake sikuielewa hata neno moja, lakini mtu anayeomba utamjua tu. Na mbele yangu je? Watu na mavazi yao ya bei, wanachezea simu. Mzee mmoja alipiga miayo mpaka nikamwona magego. Niliwachukia, sitadanganya. Wao walikuwa na ruhusa ya kumtazama na hawakuitumia, mimi nilitaka kumwona mara moja tu.

Onyesho lake la mwisho lilikuwa alasiri. Alipanda ile sauti ya juu, akaishikilia, akakataa kuiachia. Kwetu mwimbaji akifika hapo, humwachi peke yake. Kabla sijajua nafanya nini, nilikuwa nimeshapiga vigelegele, vile vya harusi kabisa, mgongo wangu bado kwa jukwaa. Hata hapo sikugeuka.

Supavaiza alinishika mkono akanitoa nje. Koridoni alinivua beji, akasema nimemvunjia msanii heshima mbele ya wageni wake, na kesho nisionekane. "Khalas," akasema, yaani basi, imekwisha, kama anayefunga bomba.

Nilirudi bwenini kwetu Al Qusais kwa basi la wafanyakazi, nimenuna. Dada Mganda aliyelinda mlango wa kulia, ambaye tulilala naye chumba kimoja, alikaa kando yangu akanong'ona kwamba yeye aligeuka aliponisikia. Hakuna aliyemwona.

"Alipomaliza kuimba alikutafuta," akaniambia. "Aliweka mkono kifuani, akautazama mlango wako mpaka makofi yakaisha."

Nikamwambia anyamaze, na kwa ukali. Maskini, hakuwa amenikosea lolote. Wakati mwanamke yule ananitafuta, mimi nilikuwa koridoni navuliwa beji. Na hata yule supavaiza siye anayeniuma zaidi mpaka leo. Kama kazi ilikuwa ya kupotea tu, si ningegeuka? Shingo ilikuwa yangu.