Siku Niliyopigiliwa Misumari Juu ya Paa

Wajukuu zangu wameuharibu mkasa huu kwa kuusimulia vibaya, mara bibi aliruka, mara bibi alizimia, sasa acheni niuseme mimi mwenye aibu yangu: mimi Dafrosa, bosi wa mafundi wa kuezeka, nilipigiliwa misumari juu ya paa na fundi wangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya kamati ya kanisa.

Marehemu mume wangu, Amandus, alinioa akiwa fundi wa nyasi, watu walipoanza kujenga nyumba za tofali tukahamia kwenye bati, tukaezeka kuanzia Ifakara mpaka Mlimba, na kila nyumba ikiisha Amandus alikuwa anapanda kukaa juu kabisa, miguu huku na huku kama amepanda punda, anaangalia mashamba ya mpunga na milima, halafu ananiita, "Dafrosa, njoo uone dunia!" Nami namjibu, "Dunia naiona hukuhuku chini." (Sikupanda naye hata siku moja, na leo najuta.)

Alipofariki, wateja wakaanza kupungua. Kanisa la Idete likawa linatafuta wa kuliezeka, na mwenyekiti wao, Mzee Fulko, akaniambia bila kuficha, "Mama, tunakuheshimu, ila paa ni kazi ya wanaume." Nikamwomba aje kwanza na kamati yake waone kazi yetu Mchombe, kwa Masanja, mfugaji wa Kisukuma, tulikokuwa tunamalizia nyumba. Nilijua wakikataa hao, mafundi wangu watatafuta kwingine na jina la Amandus ndiyo basi tena.

Siku hiyo nikavaa kitenge changu cha Pasaka, nikajisemea, leo watanikuta juu, nimekaa kama Amandus. Nikapanda ngazi, nikakaa kileleni. Selestini, fundi wetu wa siku zote, alikuwa anapigilia kofia ya mwisho, lile bati linalofunika kileleni, yeye macho kwenye msumari, mimi nimempa mgongo, macho barabarani, nikasikia kitenge kinavutwa, nikadhani upepo.

"Tumsifu Yesu Kristo!" Mzee Fulko huyo, na kamati nzima nyuma yake.

"Milele, amina!" nikajibu kwa sauti ya kibosi, nikataka kuinuka. Wapi!

"Selestini," nikanong'ona, "umenipigilia."

"Bosi, mimi nimepigilia kofia."

"Na mimi nimo!"

Chini mke wa Masanja ameshika kibuyu: "Mayu, shuka unywe maziwa!" (Mayu ni mama, kwa Kisukuma.)

"Shuka mama, tuzungumze," akasema Mzee Fulko.

"Bado nakagua!" Nakagua nini, nimekaa pale pale kama kuku anayeatamia? Selestini anahangaika na nyundo, msumari hautoki, jasho linamtoka, barabarani bodaboda zinasimama, kuna mmoja akapaza sauti, "Bibi, huko juu mtandao unashika?" Wakacheka. Nikaona hapana, nikajivuta kwa nguvu zangu zote, kitenge kikachanika chwaaa, kikabaki na Selestini, na mimi na gagulo langu la njano tukateremka kwenye lile bati jipya linaloteleza kama sabuni, mpaka kwenye rundo la nyasi za paa la zamani tulizoziezua.

Nikazama humo, gagulo kichwani. Nyasi zile zilinukia moshi wa miaka, harufu ileile ya shati la Amandus alipokuwa ananichumbia, na sijui niseme nililia au nilicheka, maana nilijua angekuwepo angecheka mpaka adondoke.

Mke wa Masanja akanifunika kanga yake. Mzee Fulko kwa heshima hakunitazama, alikuwa anatazama juu, Selestini bado anavuta na msumari bado umegoma, kipande cha kitenge kinapepea.

"Mama Dafrosa," akasema Mzee taratibu, "kama msumari umekushikilia wewe hivyo, upepo wa kwetu utauweza wapi? Kazi chukua. Ila kwenye paa la kanisa utapanda na suruali."

Nikaapa hapohapo kwamba nguo ya sherehe na ngazi havitakutana tena mwilini mwangu. Idete nilipanda na suruali ya Amandus, nimeikunja miguuni na kuifunga kwa kamba, na tulipomaliza nikakaa juu kabisa, miguu huku na huku. Nikaiona dunia. Kumbe alikuwa ananiita kwenye kitu kizuri hivi.